Kisa cha mlango wa mto: wageni saba katika loji ya misonge, Wild Coast, Afrika Kusini

Kuhusu kisa hiki

Kundi la marafiki saba kutoka Mombasa, Nairobi na Arusha lililipia malazi ya siku tano katika loji ndogo ya mazingira kwenye pwani ya Wild Coast, mwishoni mwa Desemba. Siku ya nne asubuhi walikuwa wameshaondoka, mmoja wao yuko hospitali, na mratibu wao anaandika barua ya kudai pesa zote. Niliingia baadaye, pande zote mbili ziliponiomba nisome barua zao na kumsikiliza kila mtu kabla ugomvi haujafika kwa mawakili. Wamekubali kisa kiandikwe kwa faida ya wanaopanga safari za namna hii na wanaoendesha loji za namna hii. Majina yameondolewa, ya watu na ya kijiji, na mambo mawili madogo yamegeuzwa ili mtu asitambulike.

Mahali

Wild Coast ni kipande cha pwani cha takriban kilomita 250 katika jimbo la Eastern Cape, kutoka mto Great Kei hadi mto Mtamvuna. Enzi za ubaguzi wa rangi sehemu hii ilikuwa Transkei, eneo walilotengewa Waxhosa, iliyotangazwa "nchi huru" mwaka 1976 bila Umoja wa Mataifa kuitambua, ikarejea Afrika Kusini mwaka 1994. Huko kuwekwa kando kumeacha alama. Barabara za kushuka baharini ni mbovu, hoteli kubwa ni chache, na ardhi ni ya jamii chini ya wakuu wa kimila. Anayetaka kuweka loji hanunui kiwanja. Anapatana na kijiji. Ndiyo maana loji nyingi ndogo za huko ni ubia, na ndiyo maana ufuo umebaki kama ulivyo: ng'ombe wamelala mchangani, vilima vya majani mabichi vimeshuka mpaka majini, na hakuna ukuta wala mwavuli wa plastiki.

Loji ya kisa hiki ina misonge kumi ya udongo iliyoezekwa nyasi. Umeme ni wa sola, unatosha taa na simu. Maji ni ya mvua. Choo ni cha mboji. Bafu la maji moto ni la mafuta ya taa, na linastahili maelezo, maana wageni wote saba walilisifu hata walipokuwa wamekasirika: bomba la chuma limesimama wima, ndani yake umezungushwa mrija wa shaba. Unamimina kikombe kidogo cha mafuta kwenye kikopo cha chini, unatupia karatasi iliyowashwa, bomba linaanza kunguruma, na kwa dakika kama nane hivi una maji ya moto ya kuoga. Mafuta yakiisha, na wewe umemaliza, hata kama sabuni bado iko kichwani.

Ambacho mtu wa pwani yetu hakitarajii ni bahari yenyewe. Kuanzia Lamu hadi Mtwara sehemu kubwa ya ufuo imekingwa na mwamba wa matumbawe. Wimbi kubwa linavunjikia mbali, huko nje, na linalofika kwenye mchanga limeshachoka. Wild Coast haina kinga hiyo. Mawimbi yaliyozaliwa na dhoruba za bahari ya kusini kabisa mwa Afrika yanakuja bila kuzuiwa mpaka ufukweni, na hayo ndiyo yanayowavuta watu wa kuteleza kwa mbao, hasa kati ya Mei na Agosti. Tena maji kujaa na kupwa kwake ni kudogo kuliko kwetu. Kilindini siku za bamvua, yaani za maji makubwa, maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Kule ni kama mita 2 tu. Mswahili akisimama pale na kuona maji hayaendi mbali, anasema moyoni bahari hii ni ya upole.

Wageni

Watu wazima wote, kati ya miaka thelathini na hamsini. Wanne ni Waislamu. Mmoja ni muuguzi wa chumba cha dharura; nitamwita Muuguzi. Mwingine, ambaye nitamwita Bwana K., amekulia ng'ambo ya Likoni na anaogelea tangu utotoni. Waliotaka kuteleza mawimbini ni wawili tu. Wengine walikuja kupumzika. Walichagua Desemba kwa sababu likizo zao ni Desemba. Loji haikuwaambia kwamba Desemba ni katikati ya masika ya huko, kwamba upepo wa mashariki hufanya mawimbi yawe ya hovyo na huleta ufukweni viumbe vya buluu vinavyochoma, wala kwamba mito hufurika. Kwenye tovuti yake kulikuwa na sentensi hii, ambayo baadaye iligharimu pesa: "Ufukwe salama kwa kila mtu."

Mambo yalivyokwenda

*Jumamosi.* Walitua Mthatha, wakakodi magari mawili ya kawaida ya mjini, wakashika barabara ya N2 na kukata kushoto Viedgesville. Maelekezo yalisema gari la juu "linapendekezwa". Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili mfululizo. Kilomita za mwisho zikawa utelezi mtupu, na kwenye ukingo wa mto wakakuta kwamba magari hayavuki kabisa: yanaachwa nyuma ya duka la kijiji, mizigo inavushwa kwa mtumbwi. Walifika saa moja jioni, wamelowa, wana njaa.

Meneja, mwanamke wa kijiji hicho hicho, aliwapokea kwa ukarimu mkubwa na chungu cha mahindi na maharage ambacho kundi zima lilikitambua mara moja kuwa ni makande. Kisha akawakalisha na kuwapa maelezo yote kwa mkupuo: choo kinatumiwaje, bafu linawashwaje, taa zizimwe saa ngapi, mbwa wa kijiji, bei ya vinywaji, na bahari. Nilimwuliza kila mgeni alikumbuka nini kuhusu bahari. Wawili walikumbuka "tusiogelee usiku". Mmoja alikumbuka neno "mto" lakini si kilichosemwa. Wanne hawakukumbuka hata kwamba bahari ilitajwa. Meneja, kwa upande wake, ana uhakika alisema wasiingie majini karibu na mlango wa mto baada ya mvua, na ninamwamini.

*Jumapili.* Maji ya bomba yalikatika saa tatu asubuhi, huku mvua inanyesha. Kwa wageni hili lilikuwa tusi. Mratibu aliandika kwenye simu yake: "Tumezungukwa na maji, bomba kavu."

Sababu ilikuwa rahisi. Paa la nyasi halivuni maji. Yanayotoka ni machafu na ni machache. Yanayovunwa ni ya paa la mabati la jikoni peke yake. Hesabu yake kila fundi anaijua: milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1, kwa hiyo paa la mita 80 za mraba likipata milimita 10 linatoa karibu lita 800. Matangi ya chini yalikuwa yamejaa mpaka yanamwaga. Lakini maji huenda bafuni kutoka tangi la juu la lita 500, na tangi hilo hujazwa kila alfajiri na mtu mmoja kwa pampu ya mkono. Jumapili mtu huyo yuko kanisani. Wiki nyingine hilo halionekani, kwa sababu wageni waliozoea huoga kwa haraka. Kundi hili lilifua nguo za matope.

Hapo hapo likaja la choo. Choo cha mboji kinafanya kazi kikiwa kikavu: kinyesi hufunikwa kwa vumbi la mbao na majivu, joto na hewa vinafanya yaliyobaki. Ukimwaga maji humo kinaanza kunuka siku hiyo hiyo. Ukutani kulikuwa na karatasi inayosema usimwage maji. Sasa mwambie Mwislamu, au mtu yeyote wa pwani aliyelelewa na kopo, kwamba asiingie na maji chooni. Wageni wanne waliendelea kuchamba kwa maji kama kawaida, kimya kimya, wakiona aibu kuuliza. Jumapili jioni harufu ilikuwa imefika mezani. Mfanyakazi aliyesafisha aliudhika, akasema kwa Kixhosa jambo ambalo hakuna aliyemfasiria mgeni, na ubaridi ukaingia.

*Jumatatu.* Mchana mvua ilikoma na upepo ukageuka, ukawa unatoka nchi kavu kwenda baharini, ule unaosimamisha mawimbi vizuri. Mto ulikuwa bado umejaa, rangi ya chai ya maziwa. Bwana K. alitoka kuogelea peke yake kama saa tisa. Aliutazama mwezi wa usiku uliopita, akahesabu, akajua ni siku za maji mafu, ambapo maji hujaa na kupwa kidogo tu. Hesabu yake ilikuwa sahihi. Akatembea ufukweni akitafuta pa kuingilia. Kila mahali mawimbi yalikuwa yanapasuka kwa kishindo, isipokuwa pembeni mwa mlango wa mto, ambako palikuwa na njia pana ya maji meusi, tulivu, yasiyo na povu. Akaingia hapo.

Njia ile ilikuwa tulivu kwa sababu maji yalikuwa yanatoka. Mawimbi yanaposukuma maji ufukweni, maji hayo lazima yarudi, na hurudi kwa kukusanyika kwenye mfereji wenye kina ambako wimbi halipasuki. Ongeza mto uliofurika, ongeza maji yanayokupwa, na unapata mkondo ambao hakuna muogeleaji wa kuushinda. Kwamba ni maji mafu haikusaidia kitu. Siku ile mto ndio uliokuwa na nguvu, si mwezi. Bwana K. alijaribu kurudi alikotoka. Kwa maelezo yake aliogelea kwa nguvu zote akiutazama mti mmoja ufukweni, na mti ukawa unazidi kuwa mdogo. Alipofika zaidi ya mita 100 nje alikuwa ameshameza maji mara kadhaa.

Aliyemwona ni kijana wa kijiji anayefundisha wageni kuteleza. Hakuwa zamu. Hulipwa kwa somo, na siku hiyo hakuna aliyeomba somo. Alikuwa pale kwa sababu mawimbi yalikuwa mazuri na yeye anapenda mawimbi. Alikimbia na ubao wake, akaingia kwenye mkondo ule ule, akauacha umchukue. Wateleza mawimbini wanaitumia mikondo hiyo kila siku kama njia ya mkato ya kwenda nje. Alimfikia kwa dakika chache, akamlaza kifudifudi juu ya ubao, lakini hakugeuka kurudi. Alipiga makasia kwa mikono kuelekea kando, sambamba na ufuo, mpaka wakafika panapopasuka mawimbi, na wimbi likawasukuma wote wawili mpaka mchangani.

Bwana K. alitapika, akakaa, akaongea. Akaomba radhi kwa usumbufu. Jikoni alipewa chai na blanketi, na kwa muda ilionekana mambo yameisha.

Muuguzi alikuwa amekaa karibu naye akimsikiliza anavyopumua. Kama saa kumi na moja alimwendea meneja.

"Mama, huyu asilale hapa."

"Lakini anaongea vizuri. Amekunywa chai. Kesho asubuhi nitatafuta gari."

"Anakohoa tangu atoke majini, na kifua kinalia. Akibanwa usiku wa manane, mtumbwi utavuka?"

Meneja alikaa kimya kidogo, kisha akasema kweli: usiku, mto ukiwa hivi, mtumbwi hauvuki.

Simu haikushika mtandao pale chini. Mvulana alipanda kilimani kuita. Mwenye mtumbwi aliwavusha watu watatu maji yakiwa yamepwa kabisa na jua bado lipo. Gari la kukodi lilikwama kwenye mlima wa kwanza. Mwenye duka alifunga duka, akatoa pikapu yake, akawapeleka hospitali ya wilaya. Walifika saa mbili usiku.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa Muuguzi ndio uliokuwa na msingi ulio wazi kuliko yote. Mtu aliyetolewa majini akiwa anakohoa hutakiwa kuangaliwa hospitali kwa saa kadhaa, kwa kawaida 4 hadi 8, kwa sababu mapafu yaliyoingiwa na maji yanaweza kudhoofika polepole wakati mwenyewe anajiona mzima. Yeye hakusubiri dalili mbaya zije. Alijiuliza dalili zikija saa nane usiku kutakuwa na njia gani ya kutoka, na jibu likawa hakuna.

Meneja alitaka kusubiri asubuhi, na ni rahisi kumlaumu. Lakini alikuwa na wageni wengine watano, mafuriko mtoni, na hakuwa na gari upande wa pili. Kila safari ya hospitali ni fadhila anayoiomba kwa jirani. Mtu anayeomba fadhila hupima kwanza kama jambo linastahili, na katika kupima huko saa zinapita.

Kutofunga ufukwe baada ya mvua ni suala jingine. Nilimwuliza kwa nini hakukuwa na bendera wala kamba. Alisema wazo la bendera liliwahi kuletwa na likakataliwa na wabia, kwamba litaharibu mandhari na kuwatisha watu. Pia alisema bahari si ya loji. Ni ya kijiji na ya serikali, naye hana mamlaka ya kumkataza mtu. Hilo la pili, hata likiwa kweli, halisaidii kitu. Mgeni haombi amri, anaomba habari.

Bwana K. aliamua kwa elimu aliyokuwa nayo, na elimu hiyo ilikuwa nzuri, ila ya bahari nyingine. Sikubaliani na barua ya kwanza ya loji iliyomwita "mzembe". Mzembe hahesabu mwezi.

Na kuondoka? Asubuhi ya Jumanne kundi lilipiga kura. Wawili waliotaka kuteleza walitaka kubaki. Wengine walisema hawawezi kulala tena mahali ambapo mto ukijaa hakuna kutoka.

Matokeo

Hospitali ilimweka Bwana K. kwenye oksijeni, ikampiga picha ya kifua, ikamwangalia usiku kucha na kumruhusu siku iliyofuata. Amepona kabisa.

Kundi lilidai pesa zote za siku tano kwa watu saba, kwa hoja tatu: maji, choo na bahari. Loji ilijibu kwamba hakuna hata senti. Baada ya mazungumzo marefu, ambayo sitayasimulia maana mengi yake yalikuwa hasira tu, loji ilirudisha pesa za siku mbili ambazo hazikutumika, ikalipa nauli ya pikapu, na ikaiondoa ile sentensi kwenye tovuti. Hoja za maji na choo kundi lilizifuta lenyewe. Nadhani hilo lilikuwa haki. Maji yalikatika asubuhi moja. Choo kilikuwa vile vile kilivyoonekana kwenye picha. Lakini kwenye bahari loji ilitoa ahadi ambayo haikuwa na mtu wa kuitimiza, na hapo ndipo ilipopaswa kulipa.

Kijana aliyemwokoa alipoulizwa anataka shukrani gani, hakutaja pesa taslimu wala ubao mpya. Aliomba alipiwe mafunzo ya uokoaji majini ili apate cheti. Kundi lilichanga.

Uchambuzi

Wageni na loji walibishana kana kwamba tatizo ni raha: nani anaweza maisha ya bila umeme na nani hawezi. Ukiziangalia zile siku tatu kwa karibu utaona kingine. Mjini, maji hupandishwa na mtambo, uchafu huondolewa na mtambo, njia ya hospitali ipo usiku na mchana, na kwenye ufukwe wa jiji kama Durban kuna waokoaji wa zamu na nyavu za papa. Loji ya mazingira inaondoa mitambo hiyo, na ndiyo sifa yake. Lakini kazi iliyokuwa ikifanywa na mtambo haiondoki, inahamia kwa mtu. Kupandisha maji ni kazi ya mtu wa pampu. Kulinda choo ni kazi ya mgeni mwenyewe pamoja na anayesafisha. Kivuko ni mwenye mtumbwi. Gari la wagonjwa ni mwenye duka. Na mlinzi wa bahari?

Kazi hiyo haikuwa ya mtu. Ilifanywa siku ile na kijana ambaye, kwa utaratibu wa malipo wa loji yenyewe, hakuwa na sababu ya kuwa ufukweni. Upepo ungebaki wa mashariki, mawimbi yangekuwa mabovu, na kijana angekuwa nyumbani kwao akichunga. Loji ilipojitetea iliandika kwamba "mfumo wetu wa usalama ulifanya kazi". Haukufanya kazi, kwa sababu haukuwepo; bahati ndiyo iliyofanya kazi.

Lililofaulu lilitoka kwa watu, na linafaa kutajwa kwa sababu ndilo la kujengea. Kijana alijua asirudi kinyume cha mkondo. Mwenye mtumbwi alijua saa ya kupwa bila kuuliza. Mwenye duka hakutaja bei kabla ya kuwasha gari. Hawa wote ni watu wa kijiji, na wote wana hisa fulani katika loji, kwa ujira au kwa biashara. Ubia na kijiji ndio uliomfikisha Bwana K. hospitali. Loji yenye ukuta na wafanyakazi wa kutoka mbali isingekuwa nao.

Maelezo ya usiku wa kwanza yalishindwa kwa sababu ya saa yalipotolewa na mpangilio wake. Bahari ilikuja mwisho, baada ya bei ya soda. Mtu aliyechoka hushika jambo moja, labda mawili. Ningependa bahari isitajwe kabisa usiku ule, isipokuwa kusema "kesho msiingie majini mpaka tutembee pamoja". Kisha asubuhi kijana awapeleke ufukweni, awaonyeshe kwa kidole mfereji ulipo siku hiyo, maana mchanga huhama na mfereji huhama nao. Maelezo ya mkondo ukiwa umekaa mezani hayafanani na kuuona ukibeba jani kavu kwenda nje.

Kuna jambo ambalo wageni hawakulijua hata baadaye, na nilisita kama nilitaje. Papa aina ya Zambezi hupenda milango ya mito yenye maji ya matope. Ufukwe wa Second Beach, Port St Johns, ulipoteza watu kadhaa kwa papa kati ya 2007 na 2014. Nyavu za kuwazuia zimewekwa upande wa KwaZulu-Natal, si huku. Kwa hiyo mtu asiye na hofu ya mkondo bado ana sababu ya pili ya kukaa mbali na mlango wa mto baada ya mvua, na sababu hiyo watu huielewa bila kuchorewa. Meneja alisema huwa haitaji kwa kuhofia kufukuza wateja. Mwenyeji wa pwani ya Wild Coast akiulizwa wapi pa kuogelea mto ukiwa umejaa, jibu lake ni fupi: popote, si mlangoni. Mgeni alistahili jibu hilo hilo.

Suala la choo linaonekana dogo, lakini kwa loji inayotaka wageni wa Afrika Mashariki, Afrika Magharibi au nchi za Ghuba si dogo hata kidogo. Tangazo la "usimwage maji" liliandikwa na mtu anayetumia karatasi, kwa ajili ya watu wanaotumia karatasi. Kumkataza mwenzako kujitwaharisha halafu usimpe njia nyingine ni kumlazimisha avunje sharti lako kwa siri. Ufumbuzi ulipatikana kwa maongezi ya nusu saa kati ya Muuguzi na yule mfanyakazi aliyekuwa ameudhika, baada ya mtu hatimaye kumfasiria: kijisehemu cha pembeni chenye sakafu ya changarawe, ndoo na kopo, maji yake yaende kwenye migomba. Choo kikabaki kikavu.

Kuhusu majira, kosa ni la pande zote mbili na halina mjadala mrefu. Atakaye mawimbi aende Mei hadi Agosti. Juni na Julai huenda akaona na msafara wa dagaa ukipita na pomboo na ndege nyuma yake. Atakaye kijani kibichi na joto aende Desemba, akijua barabara itakuwa tope na mito itakuwa juu. Neno "linapendekezwa" kuhusu gari lifutwe. Kama gari la chini halifiki, iandikwe halifiki.

Yaliyobadilishwa, na lililobaki

Kijana wa mbao sasa analipwa kwa siku, si kwa somo, na kazi yake ya kwanza kila asubuhi ni kutembea na wageni ufukweni. Kuna bendera mbili za kitambaa kwenye miti ya mwanzi zinazohamishwa kufuata mchanga. Wabia waliolalamikia mandhari walinyamaza baada ya kusomewa barua ya hospitali. Limewekwa pia boya la waridi la NSRI, lile shirika la waokoaji wa kujitolea lililoanzishwa 1967, ambalo lilianza kusambaza maboya hayo kwenye fukwe mwaka 2017. Mtu aliye nchi kavu anaweza kumtupia anayezama bila yeye mwenyewe kuingia majini. Tangi la juu hujazwa Jumamosi jioni. Ujumbe unaotumwa kwa mgeni kabla hajalipa una mistari ya wazi kuhusu mto, gari, choo na hospitali iko mbali kiasi gani.

Kivuko cha usiku hakijatatuliwa. Loji haina uwezo wa kununua gari la kuacha upande wa pili, na mwenye duka, ambaye sasa analipwa kitu kidogo kila mwezi ili pikapu iwe tayari, hawezi kuufikia ukingo wa huku mto ukiwa umejaa. Walichokubaliana ni kwamba mvua ikinyesha siku mbili mfululizo, mgeni yeyote mwenye ujauzito, pumu au ugonjwa wa moyo anaambiwa kabla ya saa kumi jioni na anapewa kitanda katika nyumba ya ng'ambo, karibu na duka. Bwana K. alipoelezwa utaratibu huo aliuliza swali moja ambalo meneja bado hajalijibu: na yule ambaye saa kumi jioni bado ni mzima?